Namna ya kulinganisha kaiti mbili za baharini: pima kwanza inavyozima

Mtu akichukua kaiti mpya, ile tiara kubwa inayomvuta mtu aliyesimama kwenye ubao majini, kwenda kuijaribu, swali lake la kwanza huwa ni moja: inarusha juu kiasi gani? Swali hilo lisubiri. Kaiti inayopaa vizuri lakini haizimi, yaani haipotezi mvuto, ukiifyatua kutoka kiunoni ni kaiti mbovu, na ubovu wake hauonekani siku upepo umetulia. Unaonekana siku kamba imejizungusha kwenye ncha ya mpini (fimbo ya kuongozea kaiti), upepo umeruka kutoka noti 16 hadi 25, na upande wako wa demani, kule upepo unakoelekea, kuna ngalawa zimetia nanga. Noti 1 ni karibu kilomita 1.85 kwa saa, ila mvuto wa upepo hauendi sambamba na kasi. Unakua kwa mraba wake. Kutoka noti 16 hadi 25 mvuto unakaribia mara mbili na nusu. Ndiyo maana utaratibu huu unaanza kwenye kuzima, kupaa kunafuata.

Jua ni kaiti ya jamii gani

Kaiti za kujaza hewa, zile zenye mrija mnene mbele na mirija mingine membamba inayokaa kama mbavu, zilitokana na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza yao mwaka 1984. Kwa muda mrefu umbo lililotawala lilikuwa la herufi C: kamba zimefungwa moja kwa moja kwenye pembe za kaiti, na ukisukuma mpini mbele mvuto unapungua kidogo tu. Katikati ya miaka ya 2000 likaja umbo la upinde. Hilo ni bapa zaidi, na lina hatamu, yaani zile kamba fupi zinazogawanyika na kuushika mrija wa mbele sehemu kadhaa. Hatamu ndizo zilizobadili usalama wa mchezo huu. Ukisukuma mpini, kaiti nzima inabadili pembe yake na kumwaga karibu upepo wote. Kaiti ya kabla ya hapo usiiweke kwenye ulinganisho hata ukipewa bure.

Leo dukani utakutana na delta, ambayo ncha zake zimevutwa nyuma. Ikianguka majini hujiviringisha hadi pembeni, na ukivuta kamba moja ya nyuma inanyanyuka. Ndiyo inayowafaa wanafunzi. Utakutana na upinde na mseto za kupaa juu, zinazokaa hewani muda mrefu ila zinageuka polepole na zinataka mkono uliotulia. Kaiti za C bado zipo, zimelainishwa kwa hatamu fupi, na wanaozipenda ni wale wanaoruka wakiwa wamejinasua kwenye ndoano ya mkanda wa kiunoni. Halafu kuna foili, isiyo na mrija wala haja ya pampu. Inajazwa na upepo wenyewe kama parachuti. Foili inashinda zote kwa kupiga bisho, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, na kwa kuondoka katika upepo mdogo, lakini hatamu zake ni nyingi mno. Zikisokotana ukiwa kwenye kina, usitegemee kuzifumua. Kama hujawa na mazoea ya kutosha, iache kwanza.

Namba moja inakueleza mengi kuliko picha za tangazo: uwiano wa mabawa. Chukua urefu wa kaiti kutoka ncha hadi ncha ikiwa imetandazwa, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa eneo. Kaiti ya mita 9 za mraba yenye mabawa ya mita 6.4 ina uwiano wa karibu 4.5, yenye mabawa ya mita 7.35 ina uwiano wa 6. Ya pili itakata upepo vizuri zaidi na kukuelea juu kwa muda mrefu. Itakimbia mbele zaidi pia, na ukiilegeza ghafla inaweza kukupita kichwani, ikapoteza upepo na kuanguka nyuma yako. Hapo ndipo utendaji na usalama vinapogongana kwelikweli. Mahali pengine pengi haviko kinyume.

Idadi ya mbavu nayo ina maana. Tano huituliza kaiti upepo unapokuwa mkali na wa kupandashuka. Tatu ni za matumizi ya kila siku na mawimbi. Moja au kutokuwapo kabisa hupunguza uzito kwa ajili ya upepo mdogo, lakini kitambaa hupigapiga upepo ukizidi. Kuhusu vitambaa vipya vyepesi kama Aluula kwenye mrija badala ya Dacron: ni kweli mrija unakuwa mgumu na mwepesi zaidi, na bei nayo inapanda sana. Wepesi huo hausemi lolote kuhusu namna kaiti inavyozima.

Sawazisha kamba na hewa kabla ya kulaumu kaiti

Ulinganisho mwingi huharibiwa na kamba. Kamba za mbele ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, kwa hiyo baada ya miezi ya matumizi huwa zimerefuka zaidi, na zile za nyuma zinabaki fupi kwa kulinganisha. Matokeo yake kaiti inakabwa: inakataa kwenda mbele, inarudi kinyumenyume na kuanguka. Mtu anasema kaiti hii nzito, kumbe ni sentimita chache za kamba.

Fanya hivi. Funga ncha zote nne za kamba kwenye msumari mmoja au kigingi imara. Legeza yote trimu (kamba ya kurekebishia nguvu ya kaiti), kwa maana ya kuiacha kaiti kwenye nguvu kamili. Rudi hadi kwenye mpini, vuta kwa kiuno kitanzi cha chini ya mpini, kile kinachoingia kwenye ndoano ya mkanda, na mpini uuvute hadi chini kabisa ugusane nacho. Mpini ukae mraba kabisa na kamba zote nne zikaze pamoja. Tofauti ya sentimita 2 au 3 kati ya kulia na kushoto inatosha kuifanya kaiti ivutie upande mmoja. Rekebisha kwa kuhamisha fundo kwenye vikia vya kamba, si kwa kukata.

Urefu wa kamba nao uwe mmoja kwa kaiti zote mbili. Kamba za mita 24 zinaipa kaiti njia ndefu ya kuogelea angani, hivyo nguvu inaongezeka na mwitikio unachelewa. Za mita 20 zinafanya kinyume chake. Ukijaribu moja kwa 24 na nyingine kwa 20, umelinganisha kamba.

Hewa: soma kiwango kilichochapwa karibu na vali. Kaiti nyingi za kati hutaka psi 7 hadi 8, kubwa hupungua kidogo, ndogo huzidi. Kipimo cha pampu mara nyingi hudanganya, basi jaribu pia kwa mkono: shika ncha ya bawa na ukunje mrija wa mbele. Ukijikunja kirahisi kama hosi, hewa haitoshi, na kaiti hiyo itajikunja katikati upepo ukipiga ghafla. Usiiache imejazwa juani kwenye mchanga wa saa saba. Hewa hupanuka, tyubu inapasuka kwenye mshono.

Saizi unazolinganisha ziendane na uzito wako. Kanuni ya makadirio kwa ubao wa kawaida: uzito kwa kilo, zidisha kwa 2.2, gawa kwa noti za upepo. Mtu wa kilo 75 kwenye noti 18 anapata kama mita 9. Anayeanza achukue saizi inayoshuka chini ya hapo.

Kuzima, ardhini kwanza

Sehemu kubwa ya usalama iko kwenye mpini na kifyatuo chake, hivyo kaiti ipime pamoja na mpini wake. Mwaka 2020 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 21853 kuhusu mifumo ya kufyatua ya kaiti. Tafuta namba hiyo kwenye kijitabu cha maelezo. Kama haipo, uliza kwa nini.

Vaa mkanda wako wa kiunoni, funga kamba nene kwenye mnazi au boriti, na uipitishe kwenye kitanzi ambapo kamba za mbele zingevuta. Jining'inize kwa uzito wako wote, kisha fyatua. Mkono mmoja, msukumo mmoja, kitanzi kifunguke. Rudia mara tano kwa mkono wa kulia, tano kwa wa kushoto. Sasa chovya kifyatuo kwenye mchanga wa maji na urudie. Hapa ndipo tofauti inapojitokeza: kimoja kitafunguka kama kawaida, kingine utasikia mkwaruzo, kitakwama nusu, na utalazimika kukisukuma mara ya pili. Msukumo huo wa pili baharini ni muda wa kuburutwa mita nyingi.

Kisha kiunge tena huku umefumba macho. Vifyatuo vingine hurudi vyenyewe kwa mlio mmoja; vingine vinataka uingize pini kwenye tundu, kazi ngumu kwa vidole vilivyolowa. Jaribu pia kifyatuo cha pili, kile cha ugwe unaokuunganisha na kamba ya kuzimia. Wengi hawajawahi kukigusa tangu wanunue.

Jaribio lingine la ardhini halifanywi na watu wengi, na ni kosa kubwa. Kaiti ya kisasa huzima kwa kuning'inia kwenye kamba moja ya mbele kama bendera, na ili iwe bendera kamili, kamba hiyo lazima iteleze kupitia mpini kwa urefu unaolingana na mabawa ya kaiti. Tandaza kila kitu, fyatua, na uivute kamba ya kuzimia kwa mkono huku unapima. Kwa kaiti ya mita 9 unataka mita 6 na nusu hadi 7 na zaidi. Kwa ya mita 12 yenye uwiano wa 5, karibu mita 8. Ikisimama kwenye mita 3 kwa sababu ya kizuizi, fundo au tundu la mpini lililochakaa, kaiti haitazima. Itaendelea kuvuta nusunusu na kuzunguka. Angalia vilevile misokoto. Baada ya mizunguko kadhaa ya kaiti, kamba za mbele husokotana juu ya mpini na kuibana kamba ya kuzimia. Mpini mzuri una kizungusho unachoweza kukigeuza kwa mkono mmoja huku unaendelea kwenda.

Kuzima majini

Chagua upepo wa noti 12 hadi 15, maji ya kiunoni, mchanga chini, na angalau mita 100 wazi upande wa demani. Upepo uelekee ufukweni kwa mshazari. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, hali hiyo hupatikana misimu yote miwili: kusi kuanzia Juni hadi Septemba huja kutoka kulia ukitazama bahari, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Februari au Machi huja kutoka kushoto. Usijaribu kamwe upepo ukitoka bara. Siku za bamvua maji hukupwa mbali na vigingi vya mwani hubaki nje. Subiri yajae nusu, na kaa mbali na mashamba hayo hata yakiwa yamefunikwa. Kamba moja ya kaiti ikipita pale inang'oa kazi ya wiki kadhaa ya akina mama, na kigingi kimoja kinatoboa kaiti.

Awe na wewe mtu anayejua kudaka kaiti. Apande kijiti mahali uliposimama.

Kwanza, achia mpini tu. Kaiti ipoteze sehemu kubwa ya mvuto na kuelea pembeni au kushuka taratibu. Ikibaki inavuta kiasi cha kukusogeza, angalia trimu na kamba, kisha rudia.

Pili, kaiti ikiwa kwenye nyuzi 45 upande mmoja, fyatua kitanzi. Hesabu hatua ulizovutwa kutoka kwenye kijiti. Tazama kaiti inavyotua: nzuri hulala juu ya maji, ikipepea, mvuto kwenye ugwe ukiwa mdogo kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja. Mbaya hujaza upepo tena, ikaruka, ikaanguka, ikaruka. Kaiti zenye uwiano mkubwa huchukua muda zaidi kutulia. Hilo unaweza kulikubali. Kuruka tena na tena usilikubali.

Mzunguko wa kifo, kama wachezaji wanavyouita, ndio unaoogopesha kuliko yote. Hutokea kamba moja ya nyuma inapojizungusha kwenye ncha ya mpini au kwenye kitu ulichovaa, kaiti ikaanza kuzunguka bila kukoma, na kila mzunguko unaizidishia nguvu. Kaiti ndogo zinageuka haraka, kwa hiyo mzunguko wake ni mkali zaidi hata kama eneo ni dogo. Usilijaribu hili kwa makusudi. Kagua vyanzo vyake: ncha za mpini ziwe zimekunjwa kiasi kwamba kamba haisalii, ugwe usiwe mrefu hadi kufika chini ya magoti, na ugwe uunganishwe kwenye kamba ya kuzimia, si kwenye kitanzi kwa ajili ya mbinu za kujinasua. Ikitokea, fyatua kitanzi. Kaiti ikiendelea, fyatua ugwe na uiache iende. Kisu cha ndoano kwenye mkanda ni cha bei ndogo, kiwe pale daima.

Mwisho wa sehemu hii, iangushe kaiti makusudi kifudifudi kwenye upepo wa noti 10 hadi 12 na uhesabu sekunde hadi inanyanyuka. Delta hunyanyuka kwa kuvuta kamba moja ya nyuma. Zenye uwiano mkubwa huhitaji uisubirie izunguke hadi pembeni. Foili huvutwa kwa kamba zote za nyuma ipae kinyumenyume, na ikikaa majini ikameza maji, safari imeisha.

Sasa utendaji

Panda A, kisha B, kisha A tena, dakika 20 kila moja. Mzunguko huo wa tatu usiuruke. Upepo hubadilika ndani ya saa moja, na bila kurudi kwenye A huwezi kujua kama B ni bora au ni upepo tu uliopanda.

Kwa bisho, chagua alama mbili za ufukweni, mnazi na paa la bandani, na uone baada ya mikato minne umepanda upande wa joshi, kule upepo unakotoka, kiasi gani. Usiitie trimu wakati huo. Kwa upepo mdogo, angalia noti ngapi zinakutoa majini bila kuizungusha kaiti mara nyingi. Kwa upepo mkubwa, angalia mpini una safari ndefu kiasi gani na kama kitambaa kinaanza kupigapiga ukiisukuma yote. Kaiti inayotetemeka kwa nguvu imefika mwisho wa upeo wake.

Jaribio ambalo tunalipa uzito kuliko mengine: shika mpini bila kuusogeza na usubiri upepo upige. Kaiti moja itainyonya ile nguvu, isogee mbele kidogo, na wewe uhisi uzito tu kwenye kiuno. Nyingine itakunyanyua kisigino kwenye ubao. Ukiwa na upepo wa pwani unaokatwa na minazi, hiyo ya kwanza itakuweka baharini saa mbili, ya pili utachoka dakika 40.

Kupaa nako. Usihukumu kwa mruko mmoja. Ruka 10 kwa kila kaiti na uangalie ya kati, si ya juu kabisa. Zingatia unaposhuka: kaiti ikiwa inavuta juu utatua taratibu, ikiwa imetangulia mbele utaanguka kama gunia. Mwenye kilo chache na kaiti yenye uwiano mkubwa anaweza kuning'inizwa juu ufukweni kwa pigo moja la upepo, kwa hiyo kaiti hiyo isishikwe juu ya kichwa ukiwa nchi kavu.

Uzito wa mpini mkononi ni suala la kupenda. Wapo wanaotaka mpini mzito ili wajue kaiti iko wapi bila kuitazama. Kama unajifunza, mzito kidogo unasaidia.

Ukinunua iliyotumika

Misimu ikiisha, kaiti nyingi za kukodisha huuzwa. Mlio wa kitambaa utakuambia: kipya kina mlio mkavu kama karatasi, kilicholiwa na jua kimelegea kama shuka. Shika kwa vidole viwili na uvute kwa mshazari karibu na mshono; kikichanika, usinunue. Jaza hewa kamili na uiache kivulini kwa muda wa saa nne uone kama inavuja. Fungua pulei za hatamu ikiwa zipo na uangalie kamba inayopita ndani: ikiwa na manyoya, badilisha hatamu yote, si kipande.

Kamba ya kuzimia chunguza urefu wake wote, hasa pale inapopita kwenye tundu la mpini, kwani ndipo inapokatika. Kitanzi na kifyatuo kilichotumika misimu miwili au mitatu mfululizo kwenye chumvi na mchanga kibadilishe hata kama kinafunguka vizuri dukani. Vipuri vyake huuzwa peke yake, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kaiti. Baada ya kukibadilisha, rudi kwenye mnazi na ujining'inize tena mara tano kila mkono.